Ruzuku za kumlinda msanii aliye nyumbani: kazi ya ndugu aliye ughaibuni

Msanii akikamatwa, akifungiwa wimbo au akianza kutumiwa vitisho, sisi tulio nje hukimbilia kuchangishana. Mchango unasaidia, ila ipo mifuko iliyoundwa kwa ajili ya shida hiyohiyo, na mara nyingi ombi hukwama kwa sababu limepelekwa kwenye mfuko usiohusika.

Hatari ikiwa ya sasa hivi, anza na shirika la Front Line Defenders la Dublin, ambao ruzuku yao ya ulinzi hufika yuro 7,500, au ProtectDefenders.eu, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kuwalinda watetezi wa haki, ambao ruzuku yao ya dharura hufika yuro 10,000. Karibu na nyumbani wapo DefendDefenders, Kampala. Wote hawa huhudumia watetezi wa haki za binadamu, kwa hiyo usanii peke yake hautoshi. Ombi lionyeshe kazi yake ilisema nini kuhusu ardhi, rushwa au uchaguzi, na vitisho vilifuataje. Kurasa mbili za tuzo na sentensi moja ya vitisho ni ombi lililokufa kabla ya kutumwa.

Hapa ndipo mtu wa ughaibuni ana kazi kubwa: kaa na msanii kwenye Signal, programu ya ujumbe wa siri, si kwenye kundi la familia, mpange matukio yote. Kila tukio na mstari wake: tarehe, mahali, nani alifanya nini, kielelezo namba ngapi. Vielelezo ni wito wa polisi, barua ya kuzuia onyesho, namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi (OB kwa Kenya, RB kwa Tanzania), na fomu ya polisi ya matibabu (P3 kwa Kenya, PF3 kwa Tanzania) kama alipigwa. Picha ya ujumbe wa vitisho ibaki na namba ya mtumaji na tarehe. Watu huikata ili ipendeze, na thamani yake huishia hapo. Watafutwe watu wawili wa kumthibitisha: wakili, mhariri, ofisa wa shirika la haki. Neno lako wewe ndugu yake halina uzito huo.

Kwenye bajeti, kiwango cha juu si kiwango cha kuomba. Andika wakili, matibabu, kodi ya nyumba ya muda, kufuli na simu, kila kimoja na bei yake pamoja na hatari kinayoizuia. Gharama za kurekodi albamu mpya hazimo humu. Wala usijitolee akaunti yako ipitishe fedha: benki yako itakuhoji, na mfuko unataka stakabadhi za mlengwa mwenyewe. Kama akaunti yake inafuatiliwa, waeleze mapema kabla hawajatuma.

Akihitaji kuondoka nchini, ICORN, mtandao wa miji inayopokea waandishi na wasanii walio hatarini, wenye makao Stavanger, Norwe, hutoa makazi ambayo kwa kawaida ni ya miaka 2. Si njia ya dharura, na msanii hachagui mji. Artist Protection Fund humweka msanii kwenye taasisi mwenyeji. Ukifanya kazi chuoni au kwenye kituo cha utamaduni, ishawishi taasisi yako impokee. Tafadhali usimwandikie mwaliko wa viza ukidai anakuja harusini. Akiomba hifadhi baadaye, uongo huo utasomwa mbele yake.

Kubadilisha sheria au kuwafundisha wasanii haki zao ni mradi, nao una mlango mwingine. Mfuko wa Kimataifa wa Utofauti wa Utamaduni wa UNESCO hutoa hadi dola 100,000 kwa mradi wa miezi 12 hadi 24, lakini haulipi wakili wa mtu mmoja. Chama chenu cha ughaibuni kilichosajiliwa, tuseme, Ujerumani hakiwezi kuwa mwombaji mkuu. Aombe mshirika wa nyumbani, ninyi msaidie kuandika. Maombi hupitia Tume ya Taifa ya UNESCO, ambayo tarehe yake ya mwisho hutangulia ile ya makao makuu ya UNESCO, Paris. Mshirika wenu aipigie Tume simu siku mwito unapotoka, aulize tarehe hiyo.