Somo: Kuwafundisha Wanafunzi Kumaliza Ugomvi wa Kila Siku kwa Heshima

Somo hili nimeliandaa kwa ajili ya walimu wa shule za msingi, hasa wa darasa la tatu hadi la saba, ambao kila siku hukatizwa kipindi na kauli ile ile: "Mwalimu, huyu ananichokoza." Wengi wetu humaliza shauri hilo kwa sekunde chache: tunamkaripia mmoja, tunawaamuru washikane mikono, mkosaji anasema "nisamehe" huku akitazama dirishani, nasi tunarudi ubaoni. Kelele huisha, lakini ugomvi hubaki, na mara nyingi humaliziwa njiani wakati wa kurudi nyumbani, mahali ambapo mwalimu hayupo. Ninachopendekeza ni kwamba tuache kuwa mahakimu wa kila penseli iliyopotea, tuwafundishe watoto kuzungumza wao kwa wao, na tubaki na yale mashauri ambayo kweli ni ya mtu mzima.

Hatua ya kwanza: Andika ugomvi wa wiki moja

Kabla ya kufundisha chochote, tenga daftari dogo, na kwa siku tano za masomo uandike kila shauri linalokufikia: lilitokea wapi, saa ngapi, na chanzo chake kilikuwa nini. Nilipofanya hivyo katika darasa la tano, nilitarajia kukuta matusi na wizi wa kalamu, lakini nilichokuta ni dawati. Dawati lililotengenezwa kwa watoto wawili lilikuwa likikaliwa na watatu, na yule wa katikati aligongwa viwiko kila wenzake walipoandika. Mengine yalizaliwa bombani na kwenye foleni ya uji. Nilipoanza kuwabadilisha nafasi kila Jumatatu, ili wa katikati naye apate kukaa pembeni, mashauri ya viwiko yalipungua kabla sijafundisha neno lolote kuhusu usuluhishi.

Hatua ya pili: Tenganisha ugomvi, uonevu na utani

Ugomvi ni wa watu ambao nguvu zao zinakaribiana, na kila mmoja ana upande wake wa kueleza. Uonevu ni pale mwenye umri, umbo, kundi au cheo anapomtesa mwenzake tena na tena. Kumwambia aliyeonewa akae chini azungumze na anayemwonea ni kumrudisha mikononi mwake. Waeleze wanafunzi waziwazi mambo ambayo lazima yafike kwa mtu mzima siku hiyo hiyo: kuumizwa, kutishwa, kunyang'anywa fedha au chakula, na kuguswa mwili bila ridhaa. Waeleze pia kwamba kuyasema hayo si umbea.

Neno linalotusumbua zaidi ni utani. Mtoto aliyemwita mwenzake jina la kumdhalilisha hujitetea haraka: "Nilikuwa namtania tu." Nakushauri utumie kipindi kizima kwa neno hilo, kwa sababu jamii zetu zina utani wenye kanuni, na watoto wameushuhudia nyumbani hata kama hawajawahi kuelezwa. Wangoni na Wahehe, waliopigana vita katika karne ya 19, leo ni watani. Ndivyo walivyo Wasukuma na Wazaramo, na ndivyo walivyo babu na mjukuu wake. Mtani huruhusiwa kusema yasiyosemeka hata msibani, lakini anajua kwamba zamu ya mwenzake kumsema itafika, na siku ya msiba hategemewi kwa maneno tu, hutegemewa pia kwa kazi. Baada ya maelezo hayo, waulize maswali mawili. Uliyemwita jina hilo, je, naye ana jina la kukuita nawe ukacheka? Na pale ulipomwita, je, alicheka yeye au walicheka wengine? Mtoto wa miaka 10 huelewa swali la pili haraka kuliko mahubiri ya nusu saa.

Hatua ya tatu: Fundisha sentensi yenye sehemu tatu

Sehemu hizo ni kilichotokea, kilivyoniathiri, na ninachoomba. Kwa mfano: "Ulichukua rula yangu bila kuniambia, nikashindwa kumaliza zoezi, naomba siku nyingine uniombe kwanza." Iandike ubaoni, na pembeni yake uandike ile wanayoizoea: "Wewe ni mwizi." Waache wenyewe waseme ni ipi ingewafanya warudishe rula. Kwa kawaida watagundua kwamba ya kwanza inataja kitendo, na kitendo kinaweza kurekebishwa, ilhali ya pili inampa mtu sifa ambayo lazima aikatae kwa nguvu zake zote, hata kama rula imo mfukoni mwake.

Kuanzia siku hiyo, usilikubali tena neno "ananichokoza" likija peke yake. Uliza kwa upole: "Amefanya nini?" Hali kadhalika "kila siku huyu", kwa sababu anayetuhumiwa ataacha kujibu shauri lenyewe na kuanza kuhesabu siku.

Hatua ya nne: Kurudia kabla ya kujibu

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na mwalimu anayeiruka amefundisha nusu ya somo. Anayesikiliza haruhusiwi kujitetea mpaka ameyarudia aliyoambiwa, na mwenzake akathibitisha: "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema." Tumia igizo dhima, yaani wanafunzi waigize nafasi za watu walio katika kisa, katika kipindi cha dakika 40, kwa kisa cha kutunga, kamwe si ugomvi halisi wa watoto waliomo darasani, na katikati ya igizo wabadilishane nafasi, aliyechukua rula awe aliyechukuliwa. Mara ya kwanza watacheka sana, na wengine watarudia maneno kwa sauti ya kubeza. Usiwaadhibu, mwombe msemaji aseme kama ameridhika na namna maneno yake yalivyorudiwa.

Hatua ya tano: Mahali na wasikilizaji

Chagua mahali tulivu panapoonekana kutoka ofisi ya walimu, kama vile chini ya mti. Darasa lichague wasuluhishi wawili kila mwezi, mvulana na msichana. Nashauri wasiwe viranja, kwa kuwa mtu aliyeandika majina ya wapiga kelele asubuhi hawezi kuaminiwa mchana kuwa hana upande. Msuluhishi hatoi hukumu. Huuliza tu kilichotokea, kila mmoja anahitaji nini, na watafanya nini kuanzia sasa.

Hatua ya sita: Usilazimishe msamaha

Mtoto aliyelazimishwa kuomba radhi hujifunza kusema uongo kwa adabu. Badala yake, dai marekebisho: aliyechana daftari anakili kurasa zilizochanika, aliyemwaga maji akachote mengine. Baada ya siku mbili waulize wote wawili, kila mmoja peke yake, mambo yanaendeleaje.

Maswali ya walimu na wazazi

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwalimu mpya, na darasa langu lina watoto zaidi ya 100. Igizo dhima nitaliendesha vipi?

Jibu: Marahaba. Usiwaite mbele wawili wawili, hutamaliza. Fanya igizo moja mbele ya wote, kisha kila dawati lifanye lake kwa dakika tano: wawili wanazungumza, wa tatu anasikiliza kama maneno yamerudiwa sawasawa. Hapo msongamano wa dawati unakuwa msaada, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

Swali: Mimi ni mzazi. Nimemwambia mwanangu akipigwa arudishie, kwa sababu mnyonge huonewa. Je, nimekosea?

Jibu: Hofu yako ni ya haki, mzazi mwenzangu, lakini kwa kawaida tunachokiona sisi walimu ni pigo la pili, si la kwanza, na mwanao ndiye anayeitwa ofisini. Mfundishe kusema kwa sauti kubwa "Acha!", kuondoka, na kumwendea mtu mzima. Kama shule haichukui hatua, njoo wewe mwenyewe umwone mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu. Hilo ni jukumu letu wakubwa, na si haki kulikabidhi kwa ngumi za mtoto.

Swali: Shuleni kwetu mwalimu wa zamu huwachapa wote wawili, na ugomvi huisha papo hapo. Kwa nini tupoteze muda?

Jibu: Kwa Tanzania, kanuni za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko zinaiweka adhabu hiyo kwa makosa makubwa, zinataka itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na kumbukumbu iwekwe. Ugomvi wa rula haufiki huko. Kwa wenzetu wa Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza kabisa adhabu ya kumpiga mwanafunzi. Nikiacha sheria pembeni, ukiwachapa wote wawili, aliyechukuliwa rula amejifunza kwamba siku nyingine asikuambie.

Swali: Mtoto akizoea kusema "ulifanya hivi, nami nikaumia", je, hatawajibu hivyo na wakubwa?

Jibu: Atawajibu. Muhula uliopita msichana mmoja alinisubiri mlangoni baada ya kipindi, akaniamkia, kisha akasema: "Mwalimu, uliponiita mzembe mbele ya wenzangu, sikusikia tena somo, naomba ukinikosoa uniite pembeni." Nilikasirika kwanza, nakiri. Kisha nikakumbuka hatua ya nne, nikairudia sentensi yake neno kwa neno, na nikamuuliza kama hivyo ndivyo alivyosema.