Kupanda Mboga Juu ya Marobota ya Mabua Katika Nchi Kavu: Namna ya Kubana Maji

Mkulima wa Kajiado, Kenya, ambaye kiwanja chake ni mwamba, au ni ule udongo mweusi unaopasuka kila kiangazi, anaweza kupanda nyanya, sukuma wiki na pilipili hoho juu ya marobota ya mabua ya ngano kutoka Narok. Ugumu uko kwenye maji. Robota la urefu wa sentimita 90, upana wa 35 na kimo cha 45, likilazwa kwa namna ambayo ncha za mabua zilizokatwa zinatazama juu, lina uso wa kupandia usiofika theluthi moja ya mita ya mraba, ilhali mbavu zake nne kwa pamoja hupita mita moja ya mraba. Upepo hunyonya maji hasa kupitia mbavu hizo, na anayeongeza maji bila kuziziba anajaza pakacha.

Kwa hiyo anza na mpangilio. Pale ambapo jembe linaingia, chimba mtaro wa kina cha sentimita 20 hivi, uyazamishe marobota humo yakiwa yamebanana kichwa kwa kichwa, kwa safu mbili mbili. Penye mwamba, zungushia mbavu za nje nailoni kuukuu au magunia, lakini uache chini wazi ili maji ya ziada yapate pa kutokea. Kaa mbali na kichuguu, kwa kuwa mchwa huyapenda mabua makavu mno.

Kulowesha kwa mara ya kwanza ndiko kunakokula maji mengi. Robota la kilo 18 linaweza kunywa lita 40 na zaidi, na kwa vile bua kavu lina nta inayoyatelezesha maji, ukimwaga ndoo nzima kwa mkupuo sehemu kubwa itapita moja kwa moja hadi chini. Mwagilia kidogo kidogo kwa siku mbili au tatu. Bora zaidi, yatoe marobota nje wakati wa masika, mvua ikufanyie kazi hiyo bure. Yakishalowa, nyunyiza nusu kikombe cha mbolea ya CAN, ile yenye nitrojeni na kalsiamu, kwa kila robota, ukiruka siku moja kila mara, kwa muda wa siku kumi hivi, ukitia maji ya kuizamisha tu, kwani maji yanayochuruzika chini huondoka na mbolea uliyoinunua. Ndani kutapata joto kali kwa sababu ya kuoza. Usipande mpaka uingize mkono na kukuta vuguvugu.

Baada ya kupanda, tumia mipira ya matone, yaani ile yenye vitundu inayodondosha maji polepole. Ukiilisha mipira hiyo kwa ndoo ya lita 20, iinue ndoo mita moja juu ya uso wa robota, wala si juu ya ardhi. Wengi hukosea hapa, kisha hulaumu mpira. Miche midogo ianze na lita 4 kwa robota kwa siku, na nyanya zinazozaa wakati wa jua kali zinaweza kuhitaji maradufu, lakini mwamuzi ni kidole: kiingize hadi mwisho, na kikitoka na unyevu, ahirisha. Gawa maji hayo asubuhi na jioni, kisha funika uso kwa nyasi kavu.

Maji ya kisima yenye chumvi yanahitaji tahadhari, kwa sababu maji yakikauka chumvi hubaki kwenye mabua. Ukiona ukoko mweupe, lisuuze robota kwa maji ya mvua mpaka yachuruzike, hata kama inauma.

Nikiri kwamba penye udongo mzuri, kitalu kilichozamishwa ardhini hutumia maji machache kuliko robota lolote, na sioni sababu ya kukiacha. Robota ni la mahali ambapo udongo umekataa. Msimu ukiisha, yale yaliyooza yatie katika mashimo ya zai, yale mashimo mapana ya kupandia yanayokusanya maji ya mvua, kabla ya mvua zinazofuata, kwani mabua yaliyokwisha kuwa mboji hushika maji vizuri kuliko yalipokuwa mapya.