Jinsi ya kupeleka malalamiko dhidi ya polisi kwa IPOA, na kwa nini OB itakusumbua kuliko yote

Wengi hunipigia simu wakiwa wameshaweka video TikTok, wameshahojiwa na redio, na mkononi hawana hata karatasi moja ya hospitali. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mombasa. Majuzi nilimsindikiza mama mmoja ambaye mwanawe, mwendesha bodaboda, alivunjwa mkono kwa rungu kwenye kizuizi cha barabarani, na maswali aliyoniuliza ni yale yale ninayoulizwa kila mara. Basi nayajibu hapa.

IPOA ni Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi. Ni chombo cha raia, si idara ya polisi, na iliundwa kwa Sheria nambari 35 ya mwaka 2011. Hulipi kitu, wala huhitaji wakili kuifikia.

Hatua ya 1: Hakikisha aliyekudhuru ni polisi

IPOA inashughulika na Huduma ya Taifa ya Polisi tu: polisi wa kawaida pamoja na GSU (kikosi cha kutuliza ghasia), Polisi Tawala, na wapelelezi wa DCI (idara ya upelelezi wa jinai). Askari wa kaunti, yaani kanjo, hawamo. Askari jela hawamo, askari wa wanyamapori hawamo, wanajeshi hawamo. Kanjo akikuvunja jino unaripoti kituoni kama unavyoripoti mtu yeyote aliyekupiga, na barua ya malalamiko unaipeleka kwa serikali ya kaunti na kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala. Shida inakuja kwenye misako ya pamoja, kanjo na polisi wakiwa ndani ya lori moja. Hapo eleza nani alishika nini na nani alipiga wapi, usiandike “askari” kwa jumla.

Jina la afisa ni zuri ukilipata. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi linamtaka afisa aliyevaa sare awe na jina au nambari yake ya huduma mahali panapoonekana wazi. Jaketi huifunika, sote tunajua. Usianze kubishana naye barabarani. Badala yake shika saa kamili na mahali kamili, na nambari ya gari. Vituo vina orodha ya waliokuwa zamu na daftari la silaha zilizotoka, na IPOA ina mamlaka ya kudai rekodi hizo. “Jioni jioni hivi, karibu na soko” haimsaidii mpelelezi; “saa moja na dakika ishirini usiku, mbele ya petroli stesheni” inaweza kumfikisha kwenye majina manne.

Hatua ya 2: Hospitali, siku hiyo hiyo

Nenda ya serikali. Za kibinafsi zinatibu vizuri, sikatai, lakini daktari wa serikali amezoea kuitwa kortini, na rekodi zake zina njia inayoeleweka ya kufika huko. Mwambie daktari wazi nani alikupiga na kwa kitu gani, naye ataandika kwamba mgonjwa anadai hivyo. Ukisema “nimeanguka” kwa aibu au kwa woga, neno hilo utakutana nalo tena mbele ya hakimu. Piga picha majeraha siku hiyo, kisha tena yakishavimba na kugeuka rangi, ukiweka sarafu kando ili ukubwa uonekane.

Hatua ya 3: OB na P3

Hapa ndipo watu hukwama, kwa hiyo tukae kidogo.

OB ni lile daftari kubwa la matukio lililo kaunta ya kila kituo. Kila ripoti ina nambari: OB 41/17/3/2025 maana yake ni ripoti ya 41 ya tarehe 17 Machi 2025. P3 ni fomu ya ripoti ya daktari inayotumika kortini. Polisi hujaza sehemu ya kwanza, daktari hujaza iliyobaki. Sasa ona mtego ulivyo. Daktari anataka P3 iliyotoka kituoni, kituo hakitoi P3 bila OB, na OB inaandikwa na mwenzake yule aliyekupiga.

Kwanza ondoa hofu: IPOA inapokea malalamiko hata kama huna OB. Asikudanganye mtu. Lakini OB ina uzito wake, kwa sababu ni rekodi ya polisi wenyewe, yenye tarehe, kwamba uliripoti mapema. Wakili wa afisa akija kusema hadithi umeitunga baadaye, nambari hiyo inamjibu.

Hulazimiki kwenda kituo anakofanya kazi afisa huyo. Mimi hupendelea kituo kikubwa cha makao ya kaunti ndogo, ambako maafisa ni wengi na huenda wasimjue. Nenda asubuhi. Nenda na mtu mzima mtulivu. Yule mjomba mwenye kelele abaki nyumbani. Mazungumzo ya kaunta huenda hivi:

“Afande, naomba uniandikie OB. Nimepigwa.”
“Na nani?”
“Na afisa wa polisi, kwenye kizuizi.”
“Hiyo ngoja OCS mwenyewe.”

OCS, yaani mkuu wa kituo, anaweza kuwa mkutanoni mpaka jioni. Usipandishe sauti. Sema: “Sawa afande, nitamngoja. Naomba jina lako tu, niandike kwamba nilifika saa tatu na robo.” Toa daftari na uandike kweli, mbele yake. Mara nyingi kalamu ya kituo nayo huanza kuandika.

OB ikishaandikwa, bado kazi haijaisha, kwa maana kilichoandikwa ndicho muhimu. Katika kituo kimoja nilisikia ripoti ya kijana aliyepigwa ikisomwa kwamba “amejeruhiwa na watu wasiojulikana”, ilhali alikuwa ametaja mpaka nambari ya gari. Daftari hutaruhusiwa kulishika, lakini omba usomewe kabla hujaondoka. Kama afande anasitasita kuandika neno polisi, mpe sentensi hii: “Mlalamishi anadai amepigwa na afisa wa polisi.” Hilo “anadai” linamtua mzigo, kwa kuwa yeye hajashuhudia chochote, anaandika tu ulichosema. Nimeona maafisa waliokuwa wamekataa kabisa wakiandika baada ya kupewa neno hilo.

Chukua nambari kwa maandishi, na kando yake uandike jina la kituo, maana nambari ya OB bila kituo haina kazi; kila kituo kina OB 41 yake.

Wakikataa katakata, mwone OCS, kisha kamanda wa kaunti ndogo, ambaye watu bado wanamwita OCPD. Akikataa naye, acha kuzunguka. Nenda IPOA moja kwa moja, na kule kunyimwa OB kuwe lalamiko lako la pili, lenye majina na saa.

Kuhusu P3: fomu ni bure. Ukiambiwa zimeisha, ipakue kwenye tovuti ya polisi, uichapishe saiba, urudi nayo. Na usikubali ijazwe haraka kabla ya eksirei. Daktari hulipanga jeraha kwa ngazi, na ngazi hiyo ndiyo inayoamua shtaka. Shambulio lenye madhara ya kawaida, kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, adhabu yake haizidi miaka 5. Madhara makubwa, kifungu cha 234, yanaweza kufika kifungo cha maisha. Ufa wa mfupa hauonekani kwa macho. Yule mwendesha boda angejaziwa “uvimbe wa mkono” kama mama yake hangeng’ang’ania eksirei kwanza.

Toa kopi za kila kitu kabla hujakabidhi ya asili. P3 ya asili hubaki kwenye faili ya upelelezi, na faili hupotea.

Aliyefanyiwa ukatili wa kingono asianzie kituoni hata kidogo. Aanzie hospitali: kuna fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, inayojazwa huko huko, na dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. OB itafuata baadaye.

Hatua ya 4: Video na mashahidi

Usitume video kwa WhatsApp kama video ya kawaida. Inabanwa na kupoteza taarifa za lini ilirekodiwa. Itume kama dokumenti, au bora zaidi iweke kwenye flashi na simu uliyorekodia uitunze. Kamera za maduka hujifuta zenyewe, kwa hiyo muone mwenye duka mapema. Mashahidi wawili walioona kwa macho wanatosha kuliko kumi waliosimuliwa.

Hatua ya 5: Andika maelezo

Ukurasa mmoja au miwili, kwa lugha unayoiweza. Mambo yafuatane kwa saa. Acha maneno kama “kinyama” na “bila huruma”. Andika “alinipiga mara tatu kwenye mkono wa kulia nikiwa nimekaa chini”.

Hatua ya 6: Peleka

Kuna simu ya bure, 1559, kuna barua pepe na tovuti. Mimi nasema nenda mwenyewe kama unaweza. Makao makuu yako Nairobi, na kuna ofisi Mombasa, Kisumu, Garissa, Nakuru, Eldoret na kwingineko. Ana kwa ana afisa atakuuliza ulichosahau, na utatoka na nambari ya kumbukumbu. Asiyejua kuandika atasema kwa mdomo, aandikiwe.

Utamsikia mtu akikushauri upeleke kwa Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, ile inayoongozwa na gavana au mtu aliyemteua. Sheria iliipa kazi ya kupanga vipaumbele vya usalama na kufuatilia mwenendo wa uhalifu katika kaunti. Mkono uliovunjika si kazi yake, na katika kaunti nyingi imebaki kwenye makaratasi. Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi, IAU, nacho hupokea malalamiko, ila ni polisi wakiwachunguza polisi. Kwa rushwa ndogo au lugha chafu sawa. Kwa majeraha au kifo mimi siendi huko kwanza.

Hatua ya 7: Kungoja

IPOA haimfungi mtu wala haimfuti kazi. Inachunguza, kisha inapeleka mapendekezo kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, au kwa Tume ya Huduma ya Polisi kama ni nidhamu. Kesi yake ya kwanza kumalizika kwa hukumu ilitoka huku kwetu Pwani: Kwekwe Mwandaza, binti wa miaka 14, aliuawa kwa risasi na polisi nyumbani kwao Kinango, Kwale, Agosti 2014. Polisi walisema aliwavamia na panga. Maafisa wawili walitiwa hatiani mwaka 2016 na kufungwa miaka 7 kila mmoja. Hiyo ilikwenda mbio. Piga simu kila mwezi, taja nambari ya kumbukumbu, andika uliyeongea naye.

Usalama usiuchukulie mzaha. Mwaka 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri waliuawa baada ya Mwenda kumlalamikia kwa IPOA afisa aliyempiga risasi. Hukumu ilikuja 2022. Kwa hiyo kopi za faili zikae mahali pawili, na mtu mmoja zaidi ajue unakwenda wapi kila unapoitwa. Ukipigiwa simu na afisa “tuyamalize nje”, usiende. Andika nambari yake na saa, uijulishe IPOA, na uulize kuhusu Shirika la Kulinda Mashahidi. Hapa Mombasa, mashirika ya haki za binadamu ya Haki Africa na MUHURI yana watu wa kukusindikiza.

Wakati huo huo tazama kalenda. Ukitaka fidia, dai la madhara dhidi ya serikali lina muda wa miezi 12 tangu siku ya tukio, na saa hiyo haisimami eti kwa sababu IPOA bado inachunguza. Mwone wakili mapema, ukiwa na kopi zako.