Kula chai ya mbio wiki tatu kabla ya mbio

Kwa mnaojiandaa na Kili Marathon pale Moshi, hii nimeijua juzi tu na imenisaidia sana: kuanzia wiki tatu kabla ya mbio, kila Jumamosi ya long run (ile mbio ndefu ya mazoezi) amka na ule kama vile ndo siku yenyewe, yaani tuseme mnaanza saa 12 na nusu asubuhi basi saa 10 na nusu uwe ushakula, ndizi mbivu mbili, slesi mbili za mkate mweupe na asali, chai ya rangi yenye sukari, basi. Sababu ni kwamba ukilala usiku kucha ini linatumia sukari yake lililoiweka akiba, asubuhi inakuwa imepungua, sasa ukianza kupandisha kule Mweka (kwenye mwinuko wa njia ya mbio) na tumbo tupu miguu inaisha mapema, halafu tumbo nalo linazoea, choo kinakuja nyumbani sio njiani (hili wengi wanalidharau ila ndo linaharibu mbio za watu). Maziwa, maharage na chapati za mafuta achana nazo asubuhi hiyo. Haifanyi kazi ukichelewa kuamka, ukiwa umebakiza nusu saa usilazimishe mlo mzima, chukua ndizi moja tu utoke. Na kwa vile vikimbio vya kilomita 5 huihitaji kabisa, maji yanatosha. Ukilala gesti beba chakula chako jioni, saa 10 alfajiri jikoni hakuna mtu.