SOMO: Kumweleza asiyeona batani za simu ya mezani isiyo na waya

Wadau, habari za jioni. Naandika hili mara moja ili nikiulizwa tena nibandike kiungo nikalale. Kila wiki ananijia mtu pembeni: "Mkuu, mzee wangu haoni, nimemletea simu ya mezani ile isiyo na waya, namwelekezaje?" Nimejibu mpaka nimechoka.

Mimi si mtaalamu. Mjomba wangu yuko Chamwino, mhasibu mstaafu wa chama cha ushirika. Presha ya macho imemla uoni kidogokidogo mpaka ukaisha, na nukta nundu hakuwahi kusoma. Yaliyomo humu nimeyapata kwake, mengi kwa kumkosea.

Hatua ya 1. Chaji mkonga (kile kipande cha kushika na kuongelea) kwenye kitako chake (kile kinachobaki mezani) kwa saa zilizoandikwa kwenye karatasi ya simu.

Hatua ya 2. Mpe mkonga mkononi, kisha nyamaza. Usimshike kidole ukakiburuta kama unamfundisha mtoto kuandika. Apapase mwenyewe mpaka aanze kukuuliza.

Hatua ya 3. Anzeni na 5. Katikati ya batani ya 5 kuna kinundu kidogo, hata kwenye kitochi cha elfu ishirini kipo. Akikipata hicho, namba zote kazipata: 2 iko upande wa sikio, 8 upande wa mdomo, 4 kushoto, 6 kulia. Ukishuka kutoka 8 unakuta 0, kushoto kwake nyota, kulia kwake reli. Jumla batani kumi na mbili, mistari minne ya tatutatu.

Angalizo kwa wenye wazee waliokaa na vikokotoo. Kikokotoo nacho kina kinundu kwenye 5, ila 7, 8, 9 ndizo ziko juu. Mjomba vidole vyake vilijumlisha hesabu za mazao miaka na miaka bila kutazama. Siku ya kwanza anapiga namba ya Dodoma mjini, badala ya 026 inaingia 086. Simu za mkononi, badala ya 07 inaingia 01. Nilidhani simu ni mbovu, nikataka kuirudisha dukani. Kumbe 4, 5, 6 na 0 alikuwa anazipata sawasawa, mstari wa juu na wa chini ndio aliokuwa anaugeuza. Muulize mzee wako alikuwa anafanya kazi gani kabla hujailaumu simu.

Hatua ya 4. Ya kupokea na ya kukata. Hapa ndipo nilipoharibu.

Simu ilikuwa mezani, imemwelekea mjomba. Mimi nimekaa ng'ambo ya meza, tunatazamana, chai katikati. Nikamwambia, "Ya kupokea ni ya kijani, iko mkono wa kulia." Kulia kwangu! Kwake ilikuwa kushoto, na kulia kwake ndiko ilikokaa ya kukata. Kuhusu "kijani" sisemi kitu, mnaona wenyewe nilivyokuwa namwambia rangi mtu asiyeona. Nikarudi zangu mjini nimefurahi. Binti yake yuko Mwanza, akipiga simu inaita mara mbili inakatwa. Kesho yake tena. Siku ya nne akanipigia mimi, sauti imeshabadilika: "Kaka, baba nimemkosea nini?" Na mzee huku analalamika kwamba watu wa siku hizi wakipiga hawasemi kitu.

Kwa hiyo:

Kaa ubavuni mwake, nyote mmeelekea upande mmoja. Kamwe usikae mbele yake.

Acha kusema "juu" na "chini". Simu ikilala mezani, juu ni dari. Sema "upande wa sikio" na "upande wa mdomo". Hivyo havibadiliki hata mkonga ukielea hewani.

Rangi itaje kama bado ana uoni hafifu, lakini isiwe ndiyo maelezo yenyewe. Taja umbo: ya duara, ndefu, iliyobonyea, yenye ukingo.

Hesabu kuanzia kwenye kinundu. Kwa simu ya mjomba nasema: "Weka kidole kwenye 5. Panda upande wa sikio, umepita 2, unakutana na batani kubwa ya mviringo inayocheza pande nne. Kushoto kwake kuna moja ndefu, hiyo ya kupokea. Kulia kwake nyingine kama hiyo, hiyo ya kukata." Ya kwako inaweza kuwa tofauti, ipapase kwanza wewe mwenyewe ukiwa umefumba macho. Ukiona unafumbua kuchungulia, maelezo yako hayajaiva.

Hatua ya 5. Weka alama kwenye batani ya kupokea, tone moja tu la rangi ya kucha, likauke, ongeza la pili juu yake. Nyingine ziache. Mimi nilitia supaglu kwenye batani sita nikidhani namsaidia. Gundi ikapenya pembeni, ya kukata ikanasa chini, na hata zile zilizopona akawa hazitofautishi kwa kuwa zote zina vipele.

Hatua ya 6. Zile ndogo za menyu mwambie zipo, aachane nazo. Ila ya kuzima sauti yake mwonyeshe, maana akiigusa kwa shavu ataongea peke yake.

Hatua ya 7. Kwenye kitako kuna batani ya kuita mkonga. Ukiibonyeza, mkonga unalia popote ulipo ndani. Watu wengi wanairuka hii, na kwa mtu asiyeona ndiyo inayomwokoa, kwa sababu mkonga hauna waya wa kuufuata.

Hatua ya 8. Toka nje, mpigie. Apokee mara tano, akate mara tano, wewe usiwepo chumbani.

Maswali karibuni. Someni kwanza.

---

Kijana wa Nkuhungu: Mkuu uzi mrefu sana, kwa kifupi batani ya kupokea inakaa upande gani?

Mleta somo: Hatua ya 4.

Kijana wa Nkuhungu: Nimeona umesema kushoto. Ya kwetu iko kulia.

Mleta somo: Nimesema "kwa simu ya mjomba". Na nimesema ya kwako uipapase. Sijawahi kuingia nyumbani kwenu mkuu.

Mama Zabibu: Asante kwa somo mwanangu. Mama yangu yuko Mpwapwa, umeme ukikatika simu hii inaendelea kufanya kazi? Mkonga si una betri yake?

Mleta somo: Shikamoo mama, swali zuri sana, nilipaswa kuliweka juu. Betri ya mkonga haisaidii. Mkonga unaongea na kitako kwa mawimbi, na kitako ndicho kilichoshika laini. Umeme ukienda kitako kinazima, na mkonga unabaki kama rimoti bila televisheni. Kama laini yake inatoka kwenye waya wa ukutani wa zamani, mtafutie na simu ya kawaida ya waya ikae pembeni, nyingi za hizo zinajiendesha kwa umeme wa laini yenyewe. Na mkonga ukianza kufa mapema, badilisha betri, ila usiweke za tochi. Zinatakiwa za kuchaji, za volti 1.2. Za kawaida zikichajiwa zinavuja, hata kupasuka.

Fundi wa Makole: Naongezea, vumbi letu hili la Dodoma. Mkonga ukikaa kwenye kitako na hauchaji, futa vile vibati viwili vya chini kwa kitambaa kikavu. Anayeona anatazama taa, asiyeona asikilize mlio. Simu nyingi zinalia "ti" zikigusa chaji. Bila mlio, haijakaa.

Mleta somo: Hiyo ya mlio sikuwahi kuifikiria. Naipeleka hatua ya 1.

Mtumba Mpya: Naweza kupiga *150*00# kwenye hiyo simu nitoe hela?

Mleta somo: Hapana. Hiyo ni ya laini ya simu ya mkononi.

Mwanafunzi: Samahani kaka, kwa nini simu na kikokotoo vigeuzane? Si wangekubaliana tu?

Mleta somo: Usiombe samahani, hili nalipenda. Kampuni ya Bell ya Marekani ilipokuwa inatengeneza simu za batani, wahandisi wake walijaribu mipangilio mingi, hata ya duara, kuona watu wanakosea wapi. Ya 1 juu ikashinda, simu zikatoka 1963. Mwanzoni zilikuwa na batani kumi tu, nyota na reli zikaja 1968. Watu wa vikokotoo walikuwa na njia yao tayari, hakuna aliyemfuata mwenzake.

Fimbo Nyeupe: Mimi sioni, nimesoma uzi huu kwa programu ya kusoma kwa sauti. Hatua ya 2 umeiweka vizuri, wengi wanatushika vidole. Moja tu: usimpe mzee namba kumi kwa pumzi moja. Mkatie tatutatu, na umwache apige huku unasoma. Jingine, kwenye kitochi mwambie nyota na reli ni mabawa ya sifuri. Namba za kutuma hela zote zinaanzia bawa la kushoto na kuishia la kulia. Namba ya siri abonyeze mwenyewe, asimtajie mtu, hata wewe.

Mleta somo: Mabawa ya sifuri! Nikienda Chamwino Jumamosi naanza nayo. Mzee wangu, wewe alama ya kupokea umeweka nini?

Fimbo Nyeupe: Sijaweka kitu. Nimekata kipande cha plasta ya kidonda nikabandika mgongoni mwa mkonga, usawa wa batani ya kupokea. Nikiunyanyua tu, kidole cha shahada kimeshakaa pale nyuma, dole gumba liko juu ya batani.