Umekabidhiwa timu mpya? Anza hivi

Wiki 2 za kwanza usibadilishe chochote. Keti na kila mtu peke yake dakika 20, umuulize kazi yake hukwama wapi, na jibu uliandike daftarini akiona. Kisha chagua kero moja ndogo uimalize kabla ya Ijumaa, tuseme zamu inayomlazimu mtu wa mtaa wa Kayole, Nairobi, kufika eneo la viwanda la Industrial Area saa 12 asubuhi.

Anayekosea mrekebishe faraghani, siku hiyo hiyo, ukitaja tendo: "mzigo ulitoka bila kuhesabiwa", si "wewe mzembe".

Imani huvunjika hasa kwenye pesa za ovataimu. Kama hujui zitalipwa lini, sema hujui, taja siku utakayoleta jibu, na siku hiyo ulete, hata likiwa baya. Ukinyamaza, watajazana uvumi kwenye grupu la WhatsApp ambamo wewe humo.