Unga wa maziwa wenye soya: tazama kwanza umri wa ndama

Mfugaji wa Mbarara au Kiruhura, magharibi mwa Uganda, anayetaka kuuza maziwa zaidi hununua unga wa kumnyweshea ndama badala ya maziwa, na wa bei nafuu mara nyingi una soya. Soya si sumu. Kosa ni kumpa ndama wa wiki moja.

Tumbo la nne la ndama mchanga limeumbwa kwa maziwa: hugandisha kaseini (protini kuu ya maziwa), donge likasagwa polepole kwa saa kadhaa. Protini ya soya haigandi. Hupita upesi hadi kwenye utumbo, ambako vimeng'enya vya kuivunja bado ni haba. Soya mbichi pia ina vizuizi vya tripsini (kimeng'enya cha kusaga protini), na protini zake nyingine huleta mzio unaoharibu ukuta wa utumbo. Kukaanga hupunguza vizuizi, lakini mzio na sukari zinazoleta gesi hubaki. Kwa hiyo unga wa soya wa uji wa watoto usimkorogee ndama, hata ukinukia vipi.

Geuza mfuko usome. Protini iwe 20–22%. Kisha tafuta nyuzi za mimea (fibre): maziwa hayana, kwa hiyo zikizidi 0.2% ujue kuna mmea ndani. Zikiwa chache usiridhike bado, kwani soya iliyosafishwa sana na protini ya ngano iliyovunjwavunjwa huwa na nyuzi chache: soma viambato. Soya iliyosafishwa inavumilika. Palipoandikwa unga wa soya tu, rudisha mfuko.

Mpe dang'a (maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa) lita 3–4 ndani ya saa 6 za kwanza, kisha maziwa hadi siku ya 21. Hapo anza kuchanganya na maziwa: robo ya unga uliokorogwa kwa siku mbili, nusu siku mbili, robo tatu siku mbili, ndipo wote.

Pima gramu 125–150 kwa mizani (vikombe hudanganya), tia maji ya nyuzijoto 45 hivi, koroga, ongeza maji hadi itimie lita 1. Mnyweshe ikiwa nyuzijoto 39. Soya hutuama, kwa hiyo koroga tena kabla ya kila ndama. Vinginevyo wa kwanza atakunywa maji na wa mwisho tope.

Akiharisha siku chache baada ya kubadilishiwa lakini bado anakunywa kwa hamu, mrudishie maziwa, na katikati ya milo mpe maji ya chumvi za ndama kutoka duka la dawa za mifugo. Akiwa na homa, damu kwenye kinyesi, au macho yaliyozama, usiilaumu soya: mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.